Mfereji wa Leodgar

Paulina alifika Johannesburg siku ya Jumatatu, na hadi Alhamisi alikuwa bado hajaongea na mdogo wake kwa kituo. Leodgar aliondoka nyumbani Rosettenville kabla chai haijachemka, akarudi jua limezama, suruali imeganda matope mpaka magotini. Alikula, akauliza habari za ndugu wa Mbinga, na kabla hajajibiwa zote usingizi ulikuwa umemchukua pale pale kwenye kochi. Paulina alikuwa na miaka sabini na mmoja. Hakuwahi kutoka nje ya Tanzania maishani mwake, na hakupanda ndege kuja kumtazama mtu akisinzia.

"Wifi," alimwambia Beatha Alhamisi hiyo, wakichambua mchicha jikoni, "ni mlinzi gani huyu anayerudi na matope?"

Beatha, mke wa Leodgar, alimjibu kwamba ulinzi Leodgar aliuacha miaka sita iliyopita. Sasa yeye ndiye mkuu wa bustani kwenye kinu cha kale, kinachosaga nafaka kwa nguvu ya maji, huko kusini vilima vinakoanza. Alikwisha kumweleza hayo kwenye simu zaidi ya mara moja. Paulina akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea uongo mdogo uliosemwa kwa nia njema.

Beatha hakumlaumu. Kule kwao Umatengo habari za Leodgar zilikuwa zimekwama mahali pamoja tangu mwaka 2001 alipoondoka. Wenzake waliokwenda mbali walikuwa wamejenga nyumba za bati la buluu zinazoonekana kutoka mlima wa pili. Yeye alisikika tu kwamba ni mlinzi wa geti. Na kweli alianza hivyo, akilinda maduka ya vitambaa Fordsburg huku wakiishi Alexandra, mpaka mwaka 2008, watu wa nchi nyingine waliposhambuliwa, walipoondoka Alexandra kwa haraka na mabegi mawili na binti yao Eva wa miaka sita. Baadaye kampuni yake ya ulinzi ikampeleka kwenye geti la kinu. Mambo yaliyofuata hakuna aliyeyaamini kule nyumbani, kwa sababu Leodgar mwenyewe hakuyasema. Akiulizwa na ndugu kuhusu kazi, alijibu kwamba wanamshukuru Mungu, kisha akauliza kama mvua imenyesha.

Kilichomchoma Beatha ni kwamba Paulina hakuwa ndugu wa pembeni. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea Leodgar. Na baba yao, mzee Amosi, alikuwa msimamizi wa kinu cha maji cha misheni kwa miaka thelathini. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani mwenye haki ya kujua Leodgar anafanya nini, na mwenye akili ya kukielewa, ni huyu bibi aliyekaa jikoni kwake akidhani anadanganywa.

"Jumamosi kinu kinafunguliwa kwa wageni," Beatha alisema. "Tunakwenda wote."

Alikuwa na sare za shule kumi na nne za kumalizia kwenye cherehani, maana ilikuwa Januari na watoto wa mtaa mzima wanarudi darasani. Alizifunika kwa khanga na kwenda kumwomba gari jirani yao, Thérèse.

Ijumaa jioni ndipo Leodgar alipoeleza habari ya matope, tena kwa kubanwa. Chini ya bustani ya kinu, alisema, kuna kona yenye bonde, ambayo kamati ya kinu ilikuwa imepanga kuifukia iwe maegesho ya magari. Mwishoni mwa Desemba ilinyesha mvua kubwa ya usiku mmoja, bonde likajaa, na asubuhi yake akakuta vyura wakubwa wa aina ambayo hajapata kuona hapo, wakubwa kama bakuli, dume likiwa na koo la njano. Mama Kelebogile, meneja wa kinu, alileta mtaalamu. Mtaalamu akasema vyura hao hujifukia ardhini muda mrefu, huibuka kwa mvua kama ile tu, na sehemu nyingi za jiji wamekwisha kupotea kwa sababu mabonde yao yamejengwa. Sasa viluwiluwi walikuwa maelfu. Lakini tangu siku ile mvua haikurudi. Jua lilikuwa kali wiki tatu mfululizo, na dimbwi lilikuwa limebaki na upana wa chumba cha kulala.

"Si umwagie maji ya mto?" Beatha aliuliza.

Leodgar akatikisa kichwa. Mto ulikuwa umepungua. Maji yaliyobaki kwenye bwawa la kinu yalitosha kugeuza gurudumu siku ya wageni, basi. Yakigawanywa kule juu kabla ya kufika kwenye gurudumu, gurudumu lingesimama, na wageni walikuwa wametangaziwa kwamba wataona unga ukisagwa. Wiki nzima lango la maji lilikuwa limefungwa ili bwawa lijae. Mama Kelebogile alikuwa na huzuni, lakini alikuwa karibu kukubali kwamba vyura hawataokoka.

"Nikamwambia gurudumu haliyanywi maji," Leodgar alisema. "Linayatumia tu na kuyaachia. Basi tuyachukue yakishatoka."

Kazi ilikuwa hiyo. Maji yakishageuza gurudumu hupita kwenye mfereji wa mawe kurudi mtoni. Mawe yale ni ya kale na sheria hairuhusu kuyagusa, kwa hiyo alianzia pale mawe yanapokwisha na udongo unapoanza. Kutoka hapo hadi kwenye dimbwi ni hatua ishirini tu kwa mtu anayetembea, lakini katikati pameinuka, na maji hayapandi. Ikabidi azunguke ukingo wa mwinuko kwa mfereji mrefu mara tatu ya njia fupi, akipima kwa bomba la plastiki lililojazwa maji ili kila hatua iwe chini kidogo kuliko iliyotangulia. Alichimba kila siku baada ya kumaliza kazi zake nyingine. Hakuwa na namna ya kuujaribu kabla ya Jumamosi, kwa sababu maji hayakuwapo.

Paulina akauliza udongo wa huko ni wa namna gani. Leodgar akasema mwekundu, mzito, isipokuwa kwenye kona ambako una mchanga. Dada yake akamtazama kidogo, akasema wakalale.

Thérèse alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, msusi, mwenye saluni ndogo nyumba mbili kutoka kwao, na aliendesha gari kama alivyosuka, upesi na bila kuacha kuzungumza. Kwenye kila robot, yaani taa ya barabarani, iliyowaka nyekundu aligeuka nyuma kumwonyesha Paulina kitu. Paulina aliketi mbele ameshika mkanda kwa mikono miwili. Nyuma alikaa Beatha na bintiye Eva, ambaye alikuwa na miaka ishirini na miwili na anasomea ualimu.

Kati ya Eva na shangazi yake kulikuwa na adabu nyingi na maneno machache. Eva alikielewa Kiswahili chote alichosemeshwa nyumbani, lakini alijibu kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na kwa rafiki zake alizungumza Kizulu. Tangu Jumatatu alikuwa akimhudumia shangazi yake kwa tabasamu na sahani. Paulina hakuwa amelalamika, ila jana yake alimuuliza Beatha, taratibu, kama huyu mtoto ana tatizo la ulimi.

Walifika saa nne asubuhi. Leodgar alikuwa ameahidi kuwapokea getini, na hakuwapo. Badala yake alikuja mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani na nywele zinazoanza mvi, akawasalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili, na alipofika kwa Paulina akapiga goti kidogo. Ndiye Mama Kelebogile. Alisema Leodgar anaomba radhi, yuko bondeni akikagua mfereji kabla lango la maji halijafunguliwa saa tano, na kwamba yeye mwenyewe angewatembeza. Alisema hayo kwa Kiingereza, na Paulina akageuka kumtazama Thérèse.

Thérèse akaanza kutafsiri kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Anasema Papa Leodgar iko kule chini, iko naangaria ile mufereji, njo maana hakuye."

Paulina alisikiliza kwa makini hadi mwisho. "Anasema nini?" akamuuliza Beatha.

Beatha alikuwa anafungua kinywa Eva alipomtangulia.

"Shangazi, njoo karibu na mimi," Eva alisema kwa Kiswahili. "Mimi nitakuambia."

Beatha alisogea nyuma hatua moja na kuwaacha wale wawili waende mbele pamoja na meneja, naye akafuata na Thérèse, akijifanya anatazama maua.

Bustani haikuwa kama Paulina alivyoitarajia. Alitegemea majani yaliyokatwa sawasawa na maua ya rangi moja moja, kama ya hoteli. Hapa nyasi zilikuwa ndefu mpaka kiunoni, zikipepea, na njia ya miguu imepita katikati yake. Kulikuwa na mti uliokufa umelazwa chini, haukuondolewa, umejaa matundu, na nyuki wakiingia na kutoka. Kulikuwa na lundo la mawe lenye mijusi. Kwenye ukingo wa bwawa matete yaliinama kwa uzito wa viota vya mnana, na ndege wenyewe, wa njano, walikuwa wakigombana na kufuma kwa wakati mmoja. Paulina alisimama akatazama haya yote kama mkulima anavyotazama shamba la jirani lililoachwa.

"Mbona hapajafyekwa?" aliuliza.

Eva akapeleka swali. Mama Kelebogile akacheka, akajibu kirefu, na Eva akaanza kulileta jibu, kwa kusitasita, akitafuta maneno na kuyapata.

Alisema kwamba zamani palikuwa na majani mafupi tu, na ndege hawakuwapo. Baba akiwa bado mlinzi alikuwa akitoka getini wakati wa mapumziko na kuzoa takataka kwenye mfereji wa kinu bila kuagizwa na mtu, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona maji yamezibwa. Mama huyu alimwona. Akamuuliza amejifunza wapi. Baba akamwambia, kwa baba yake. Ndipo mama huyu akamtoa kwenye geti na kumpa bustani. "Anasema baba aliuliza kila mmea, huyu anapendwa na ndege gani, huyu anapendwa na kipepeo gani. Alinunua daftari. Yale majani ya kigeni aling'oa. Hii yote," na Eva akazungusha mkono, "hii yote ni baba alipanda. Anasema alihesabu aina za ndege wakati anaanza, zilikuwa kumi na moja. Sasa ni sitini na nne."

Beatha, nyuma yao, aligundua kwamba hata yeye alikuwa hajui hesabu hiyo. Alijua mume wake ana daftari. Hakuwahi kulifungua.

Walipita chini ya mti mkubwa wenye sanduku la mbao juu, na Eva akasema ni nyumba ya bundi. Hapo Paulina alisimama kabisa. Akauliza ni nani mwenye akili timamu anayemjengea bundi nyumba, na alipoambiwa ni Leodgar, akasema hilo hatalipeleka Mbinga. Mama Kelebogile akaeleza kwamba zamani panya wa ghala la nafaka waliwashinda watu wa kinu, nao wakaweka sumu, sumu ikaua ndege. Tangu bundi wahamie, panya wamekwisha na sumu imetupwa. Paulina alilifikiria hilo njia nzima mpaka kwenye kinu, na mwishowe akakiri kwamba ghala ni ghala.

Kinu kilikuwa jengo la mawe la ghorofa mbili, na ubavuni mwake gurudumu la mbao na chuma lenye kimo cha watu watatu waliopandana. Wageni kama themanini walikuwa wamekusanyika. Saa tano juu ya alama msagaji aliinua lango. Maji yakaja kwa kishindo, gurudumu likashtuka, likasita, likaanza kuzunguka, na ndani ya jengo mawe yakanguruma. Watu wakapiga makofi. Paulina hakupiga makofi. Alikuwa amefunga macho.

"Jiwe la juu limekaa vizuri," alimwambia Eva. "Likikaa vibaya linalia."

Kisha akafungua macho na kuuliza mfereji uko wapi.

Walimkuta Leodgar peke yake bondeni, kwenye kichwa cha mfereji wake, ameshika beleshi. Alimsalimu dada yake kwa haraka na haya, kama mtoto aliyekutwa hajamaliza kazi. Maji yalikuwa yamekwisha kufika. Aliondoa ubao aliouweka kama lango, na maji yakaingia mferejini na kuanza safari, kahawia, yakisukuma majani makavu mbele yake. Wote wakatembea nayo. Yaliuzunguka mwinuko bila kusimama mahali popote. Leodgar alikwenda sambamba nayo ameinama, akiyatazama yanavyopita kila hatua aliyoipima, na Beatha akaona kwamba midomo yake inacheza.

Hatua tano kabla ya dimbwi, maji yalisimama.

Hayakurudi nyuma wala kufurika. Yalikuja na kuzama. Hapo ndipo udongo mwekundu ulipokwisha na mchanga ulipoanza, na mchanga uliyameza kama sufuria iliyotoboka. Leodgar akachimba zaidi, haikusaidia. Akachimba tena. Baadhi ya wageni walikuwa wameteremka kutoka kinuni kuona kinachoendelea, na walisimama kimya mwinukoni. Mama Kelebogile alitazama saa yake. Bwawa lingetosha kusaga kwa saa moja na nusu, na robo saa ilikuwa imekwisha kupita.

Mbele yao dimbwi lilikuwa jeusi kwa viluwiluwi. Pembeni lilikuwa limekauka na kupasuka, na waliokufa walikuwa wengi kwenye ufa.

"Eish," alisema Eva, polepole.

Paulina alivua viatu. Akavua na soksi, akazikunja, akampa Thérèse. Kitenge chake akakivuta juu na kukifunga gotini.

"Leo," alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, "baba alifanya nini pale mfereji wa misheni ulipovuja kwenye kichuguu?"

Leodgar akainua kichwa. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha uso wake ukabadilika.

"Alikanyaga," alijibu.

Hakuna aliyehitaji tafsiri, kwa sababu wote wawili walikwisha kuanza. Leodgar alirudisha ubao kuzuia maji, akakimbia na toroli mpaka kwenye lundo la udongo mwekundu aliouchimba wiki nzima, akarudi nalo limejaa, akaumwaga juu ya mchanga mferejini. Paulina aliingia ndani yake na kuanza kukanyaga kwa visigino, hatua fupi fupi, akirudi nyuma, mikono kiunoni. Alikanyaga kama mtu aliyefanya kazi hiyo utotoni na mwili wake bado unaikumbuka. Aliagiza nyasi. Eva akang'oa nyasi kwa mikono yote miwili, akampelekea, na alipoambiwa azichanganye na udongo alivua raba zake na kuingia pia. Shangazi akamwonyesha namna ya kugeuza kisigino. Beatha akashika toroli la pili. Mtu mmoja wa kamati, mzee wa Kizungu aliyevaa kaptura, aliuliza kama wanahitaji msaada, na Paulina, bila kujua amesema nini, alimnyooshea kidole palipo na udongo.

Wakiwa katika hilo, Thérèse, aliyebaki ukingoni na viatu vya watu wawili mikononi, akawaita. "Mutazame kule. Ile chura iko nachimba."

Ilikuwa kweli. Mbele yao, kwenye ukingo wa dimbwi, chura dume mwenye koo la njano alikuwa amegeuza mgongo kuelekea kwao na kulala chini kwenye tope, akisukuma kwa miguu ya nyuma. Alisukuma, akapumzika, akasogea nyuma, akasukuma tena. Pale alipopita ulikuwa umeanza kutokea mfereji mdogo, wa upana wa mwili wake, ukielekea pale maji yaliposimama. Mama Kelebogile alieleza kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kulisoma hili, kwamba dume huwalinda watoto, na dimbwi likikauka huwachimbia njia kwenda kwenye maji mengine akiyahisi karibu. Hakuwahi kuliona kwa macho. Akawaomba watu wasisogee, maana chura huyo huuma.

Hakuna aliyesogea. Sasa wageni wote walikuwa wameteremka, watu themanini wamesimama kwenye jua kali la Januari wakimtazama chura, na wanne wa familia waliendelea na kazi mferejini.

Leodgar alifungua tena ubao. Safari hii maji yalipofika kwenye kona yalipita juu ya udongo mpya, yakang'aa, hayakuzama. Yalifika mwisho wa mfereji wa watu yakakutana na mwanzo wa mfereji wa chura, yakateleza ndani yake na kuingia dimbwini kwa sauti ndogo sana. Chura aliacha kuchimba. Alibaki pale maji yakimpita kila upande.

Makofi yalianza juu mwinukoni, yakashuka. Leodgar aliweka beleshi chini, akajipangusa mikono kwenye ovaroli, hakujua pa kuiweka. Mama Kelebogile akamshika bega na kuwageukia watu. Alisema, na Eva akamnong'oneza shangazi yake neno kwa neno, kwamba kinu hiki kina zaidi ya miaka mia, kimekuwa na wamiliki saba na wahandisi wengi, na katika wote hao hakuna aliyewahi kufikiri kuyatumia maji yake mara mbili, mpaka alipokuja Leodgar wa Mbinga.

"Amesema Mbinga?" Paulina aliuliza.

"Amesema Mbinga, shangazi."

Paulina alitoka mferejini. Matope yalimfika magotini. Alikwenda mpaka mbele ya mdogo wake, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama alivyomkagua zamani kabla ya kumpeleka shule.

"Kule nyumbani kinu cha baba kimeoza," alisema. "Walileta mashine ya dizeli, gurudumu likakatwa kuni. Nilidhani ile kazi yake imekwisha duniani. Mbona hukusema, Leo?"

Leodgar alitazama chini. Alisema kwamba kwenye simu lingesikika kama majivuno. Mtu anayelima bustani ya watu, aseme nini?

"Useme hivyo hivyo ulivyofanya," Paulina alimjibu. "Majivuno niachie mimi. Mimi nina umri."

Beatha alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yake akayapangusa kwa mgongo wa mkono wenye udongo, akajipaka paji zima.

Baadaye walikula kwenye nyasi chini ya matete. Msagaji alileta unga wa mahindi ukiwa bado na joto la mawe, na Paulina akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaunusa, akaulamba, akatoa hukumu kwamba ni mzuri ila jiwe lingeinuliwa unywele mmoja. Eva alipeleka ujumbe. Msagaji akaenda akainua jiwe, akarudi na unga mwingine, na safari hii bibi akaitikia kwa kichwa. Yule mzee wa kamati alikaa nao. Alimuuliza Leodgar maswali mengi kuhusu vyura, na kabla ya kuondoka alimwambia meneja kwamba suala la maegesho litarudi kwenye kikao, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayelirudisha.

Jumapili, baada ya misa, Paulina alipiga simu Mbinga akaweka sauti ya wazi. Ndugu walikuwa wamekusanyika upande wa pili, wanasikika wakisogeza viti. Aliwasimulia kuanzia geti. Aliwaambia habari ya gurudumu, aina sitini na nne za ndege, daftari, mwinuko na bomba la kupimia. Alipofika kwa bundi alisita, akaeleza sababu ya ghala, akaendelea. Leodgar alijaribu kutoka sebuleni, Beatha akamkalisha. Kila Paulina alipopotewa na jina la mmea au mdudu, alimgeukia Eva, na Eva akaongea kwenye simu na watu wa ukoo wake ambao hajawahi kuwaona, akikosea hapa na pale, akisahihishwa na sauti tatu kwa pamoja kutoka Umatengo, naye akirudia neno hadi likakaa sawa.

Kamati ilikutana mwezi uliofuata. Bonde halikufukiwa. Walizungusha uzio mfupi wa miti, na magari yakapelekwa ng'ambo ya barabara. Mvua ilirudi wiki ya pili ya Februari, na asubuhi moja yenye ukungu vyura wadogo, kila mmoja kama kifungo cha koti, walitoka dimbwini kwa mamia na kuingia kwenye nyasi ndefu. Leodgar aliwaandika kwenye daftari lake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote ya kazi: alimpigia simu dada yake, aliyekuwa amekwisha kurudi Mbinga, yeye akiwa bado amesimama pale bondeni, na kabla hajauliza habari za mvua, akaanza kumweleza alichokiona.